Msalaba wa Bibi Nakiete

Hapo zamani, wala msiniulize zamani ya lini maana baadhi ya waliokuwapo bado wanakula ugali, palikuwa na jeneza juu ya milima ya Upare lililokosa mtu wa kulitangulia.

Jeneza lilikuwa uani, juu ya mabenchi mawili. Kaburi lilikuwa tayari. Kwaya ilikuwa tayari. Mawingu yalikuwa tayari kuliko wote. Kilichokosekana ni mtu wa kubeba msalaba.

Niwaeleze desturi yao, msije mkasema nimewaficha kitu. Katika usharika ule, msalaba wa marehemu, ule wa mbao wenye jina lake, hautoki nyumbani mikononi mwa yeyote tu. Mwenye wajukuu hutanguliwa na mjukuu. Asiye na mtoto wala mjukuu hutanguliwa na yule aliyemtumikia kwa moyo wote siku za uhai wake. Kwa moyo wote, ndivyo walivyosema, na nusu hawakuipokea. Akishaubeba, tangu siku hiyo huitwa mwana wa marehemu. Na akikosekana mtu wa namna hiyo, kengele haipigwi. Jeneza hupitishwa nyuma ya kanisa, kimya, likazikwa kando ya uzio, pale wanapolala wasio na watu.

Aliyekuwa ndani ya jeneza ni Bibi Nakiete. Tusimpake asali kwa kuwa amekufa. Alikuwa mwanamke mgumu. Alizaa, akazika. Akazaa, akazika. Akazaa tena, akazika tena. Alipomaliza kuzika watoto wake alianza kumtafuta mchawi, na anayetafuta mchawi hamkosi. Alimpata kwa jirani, mjane mpole aliyekuwa na mtoto mmoja wa kiume. Kosa la yule mjane lilikuwa hilo tu, kwamba mtoto wake alikuwa mzima. Nakiete alimtangaza sokoni, akamtangaza mtoni, akamtangaza hadi kwenye ngazi za kanisa, mpaka mjane akafukuzwa. Akashuka tambarare, akafia huko, na kaburi lake halijulikani. Mtoto wake alilelewa na wajomba. Jina lake Eliamini. Lishikeni jina hilo, tutalihitaji.

Miaka ikapita. Nakiete akazeeka, akaota vidonda vya miguu ambavyo havikupona. Nyumba yake ikawa na harufu. Watu wakaanza kupita njia ya juu, ile ndefu, ili wasipite mlangoni pake. Mwili ukaoza taratibu, ulimi ukabaki mzima.

Watu wanne ndio waliokuwa na habari naye. Wanne, katika usharika ambao Jumapili watu husimama madirishani kwa kukosa nafasi. Nimelisema hilo mara moja, naendelea.

Mchungaji Sefania alisimama uani, msalaba mkononi, akauliza kama desturi inavyotaka: "Nani alimtumikia dada yetu kwa moyo wote?"

Wa kwanza kusimama alikuwa Niwaeli, msichana mrefu, kitambaa cheupe kichwani, sauti kavu.

"Msalaba ni wangu, Mchungaji."

"Ulimfanyia nini?"

"Nilimwosha. Siku ya mkutano wa uamsho nilimpa Bwana maisha yangu yote, na ninyi nyote mlinisikia. Niliweka nadhiri kwamba nitamtumikia yule asiyetakiwa na mtu, mpaka mmoja wetu afe. Nikatazama kijiji kizima, asiyetakiwa kuliko wote alikuwa Bibi Nakiete. Nikaenda. Asubuhi nilimwosha vidonda, jioni nilimwosha vidonda. Matambara yake nilifua mimi. Maji yake nilichota mimi. Mchumba wangu akaniambia, 'Niwaeli, chagua, mimi au hiyo miguu.' Nikachagua miguu. Yeye ameshaoa, mke wake yupo hapa, amekaa pale."

Wanawake wakageuka kumtazama huyo mke, naye akatazama chini. Mmoja akasema "Amina" polepole.

Sauti ikatoka kwenye migomba: "Mwulizeni kama alimpenda."

Mchungaji akamwuliza: "Ulimpenda?"

"Nilimpenda Bwana," Niwaeli akasema. "Nilimwosha kwa ajili yake. Nilikuwa naimba nyimbo nikimwosha, ili nisisikie harufu. Naye bibi alinijua. Siku moja akaniambia, 'Mwanangu, hunioshi mimi. Unaosha taji lako la mbinguni, miguu yangu ni beseni tu.'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ageuze mguu."

Akakaa. Hakuwa amelia, na wapo waliomhesabia hilo kuwa kosa.

Aliyesema kwenye migomba akatoka. Huyo alikuwa Yonazi. Kanisa lilikuwa limemtenga kwa kuoa mke wa pili, kwa hiyo hata msibani alisimama mbali kidogo, kama mbwa aliyeambiwa asiingie jikoni. Kazi yake ilikuwa kukamua miwa na kupika dengelua, pombe ambayo wazee wa kanisa wanaijua kwa jina na kwa ladha, ila wanaikana.

"Msalaba ni wangu, Mchungaji."

Watu wakaguna. Mwimbaji mmoja akamwambia, "Shemeji, msalaba haushikwi na mkono unaonuka dengelua."

"Wako unanuka sabuni, shemeji. Mbona kule kwa bibi sikuuona?"

"Ulimfanyia nini?" akauliza Mchungaji.

"Nilikula naye. Mchungaji, sikumwosha hata kidole. Nikiona usaha naanguka, mnanijua. Lakini nilikula naye makande sahani moja, mkono wangu na mkono wake. Nilimpelekea habari za kijiji, nani kagombana na nani, nani kaezeka bati kwa ajili ya kumkomoa jirani. Nilimpa dengelua kikombe kimoja apate usingizi. Alinitukana, nikamtukana, tukacheka. Nani mwingine hapa alimwona Bibi Nakiete akicheka? Alikuwa na mapengo mangapi? Semeni."

Hakuna aliyejua.

"Ulikwenda kila siku?"

"Nilikwenda siku nilizojisikia. Kuna wiki sikujisikia."

"Basi huo si moyo wote, Yonazi."

"Moyo wote ulikuwepo, Mchungaji. Mimi ndiye nilikuwa sipo."

Wengine wakacheka, na kicheko msibani hakikai. Kilipokwisha, akainuka mtu ambaye kila mmoja alikuwa akimngoja. Koti jeusi, mvi, mzee wa kanisa. Nilikwisha kuwapa jina lake: Eliamini, mtoto wa yule mjane.

"Msalaba ni wangu, Mchungaji."

"Ulimfanyia nini?"

"Nilimlisha adui yangu." Alisema taratibu, kama mtu anayepanga mawe. "Mwanamke huyu alinichukulia mama. Mpaka leo sijui mama yangu amelala wapi. Nilipompokea Bwana, nilijiuliza nimtolee nini, maana kila mtu anatoa kile ambacho hakimwumi. Nikaamua kutoa kinachouma. Nikaweka nadhiri ya nusu. Nikivuna mahindi, nusu ni ya Nakiete. Nikikata ndizi, nusu ni ya Nakiete. Nikichimba viazi, nusu ni ya Nakiete. Mwaka wa mvua, nusu. Mwaka wa ukame, nusu. Nilikipeleka kikapu mwenyewe mpaka mlangoni pake. Ninyi mngempa nini?"

Hapo hata Yonazi aliinamisha kichwa. Mtu akikuambia amemlisha aliyemuua mama yake, unabaki na la kusema? Mchungaji akaunyanyua msalaba kumpa Eliamini.

"Uweke chini, Mchungaji."

Sauti ilitoka upande wa jiko, kwenye mafiga, ambako wanawake walikuwa wakimenya ndizi za waombolezaji. Aliyesema alikuwa Nanzia, mke wa Eliamini. Alikuja na kisu mkononi na viganja vyeusi kwa utomvu.

"Mama Eliakunda," mumewe akamwambia kwa upole, "hapa si pahali pake."

"Baba Eliakunda, pahali pangu ni wapi? Nimengoja kuambiwa tangu nilipoolewa." Akamgeukia Mchungaji. "Msalaba ni wangu."

"Ulimfanyia nini?"

"Nilimlisha. Huyu anawaambia nusu. Nusu ya nani? Yeye yupo kwenye vikao vya usharika, mimi nipo shambani. Jembe langu, mgongo wangu, sufuria yangu. Na mzee wa kanisa hafi njaa, Mchungaji, wewe unajua. Kila kikao kina chai na maandazi. Nusu ilitoka kwa waliobaki nyumbani. Ule mwaka wa ukame nilipiga magoti mbele yake kama ninyi mnavyopiga mbele ya altare. Nikamwambia, Baba Eliakunda, mwaka huu mama yule tumpe robo. Akaniambia nadhiri ni nadhiri. Nikapika uji mwepesi mpaka ukitazama kikombe unaona kitako chake."

Akapangusa kisu kwenye kanga, upande huu na upande huu.

"Binti yangu wa kwanza akaanza kusema ameshiba. Anakunywa kidogo, anasema, 'Mama, wape wadogo.' Nikamwuliza, Eliakunda, nani amekufundisha hivyo? Akaniambia, 'Baba anatoa nusu, na mimi natoa nusu.' Homa ilipokuja haikukuta cha kupigana nacho. Mkaja kuniimbia. Mkasema malaika amekwenda nyumbani. Msalaba wake niliubeba mwenyewe, na siku ile hakuna aliyesimama kuuliza nani anastahili."

Nami hapa nawauliza kabla sijaendelea: mnaposema mtu ametoa vyote, huwa mnakwenda jikoni kwake kuangalia vyote hivyo vilikuwa vya nani?

Eliamini alikuwa amesimama vilevile. Sauti yake ilipotoka haikuwa tena ya mzee wa kanisa.

"Nisipoubeba huu msalaba," akasema, "mtoto wetu alikufa kwa ajili ya nini?"

"Ndilo ninalokuuliza mimi," mkewe akajibu.

Mchungaji akajaribu kurudi kwenye desturi, maana desturi ni kama mkongojo, ukiteleza unaushika. "Mama, ulitoa kwa moyo?"

"Hapana. Nilitoa kwa kuamriwa. Kila kikapu nilikifunga nikilia, na vingine nilivitemea mate kabla sijavifunika. Lakini yule bibi alishiba. Tumbo haliulizi kikapu kimefungwa na moyo wa namna gani."

Basi hao ndio wanne. Mmoja alimwosha bila kumpenda. Mmoja alimpenda bila kumwosha. Mmoja alimlisha adui kwa chakula cha watoto wake. Mmoja alilisha kwa kulazimishwa, akalipa kuliko wote. Laiti hadithi ingeishia hapo. Ningewaachia mgombane, mimi nikaenda zangu.

Lakini Mchungaji aliuegemeza msalaba ukutani, akakohoa, akasema: "Kuna jambo sijawaambia. Mimi ndiye niliyemkuta amekufa."

Mnajua, Bibi Nakiete alikuwa amekaa miaka bila kufika kanisani. Mwishoni, kupitia kwa Niwaeli, aliomba aletewe Chakula cha Bwana nyumbani. Mchungaji akapanga kwenda Jumapili baada ya ibada. Alikwenda. Ilimbidi aulize njia, lakini alikwenda.

"Nilimkuta sakafuni," akasema, "katikati ya kitanda na mlango. Alikuwa amejiburuta. Midomo imepasuka. Mtungi wake wa maji ulikuwa umelala ubavu, mkavu. Na nje ya mlango, hatua moja tu, palikuwa na kikapu kimejaa ndizi mbivu na maharage, hakijaguswa. Ndugu zangu, bibi huyu hakufa kwa vidonda. Alikufa kwa kiu, na chakula kikiwa mlangoni. Nilimwosha midomo kwa divai niliyomletea, maana maji hayakuwepo. Sasa nauliza, Jumamosi nani alikuwa naye?"

Kwa mbali ngurumo ikapita mlima hadi mlima.

Mchungaji akamgeukia wa kwanza. "Niwaeli. Na siku ile?"

"Siku ile sikuwepo." Kitambaa chake kilikuwa kimeteleza, hakukirudisha. "Usharika wa jirani waliniita kutoa ushuhuda. Walisema vijana wao wamepoa, wanataka waone mtu aliyejitoa kabisa. Nilikwenda alfajiri. Sikujaza mtungi; nilimpitia Yonazi nikamwambia amjazie. Nikatoa ushuhuda. Walilia, Mchungaji, watu wazima walilia. Nikawaeleza jinsi ninavyomwinua kichwa na kumpa maji. Saa ile ile, labda. Jioni mto ukajaa, nikalala huko."

"Yonazi. Na siku ile?"

Yonazi hakuwa na utani tena. "Siku ile nilijisikia. Nilikuja. Nilikuwa na ndoo ya maji na kibuyu changu. Nikamkuta mzee wa kanisa kwenye njia ya kuingilia. Akaniambia nyumba hii inaandaliwa kwa Chakula cha Bwana, mtu aliyetengwa asiikanyage, na pombe yake isivuke hapa. Nikamwambia, mzee, kuna maji vilevile. Akaniambia, 'Na maji yako yana mkono wako.' Mimi nilikasirika. Ile ndoo ningeweza kuiacha palepale. Sikuiacha. Niliondoka nayo, nikaimwaga njiani ili aone."

"Eliamini. Na siku ile?"

Wachimba kaburi wakafika wakasimama nyuma ya watu, matope mpaka magotini.

"Ni kweli nilimrudisha," Eliamini akasema. "Niliambiwa nyumba iwe safi, nikaisafisha kwa kumzuia Yonazi. Kisha nikaweka kikapu mlangoni kama siku zote. Kutoka ndani akauliza, 'Nani?' Nikasema, 'Ni chakula.' Miaka yote nimesema hivyo, sijawahi kusema ni mimi. Jumamosi akasema, 'Wewe wa chakula, ingia.' Sikuingia. Mchungaji, kufukuzwa kwa mama yangu kulianzia kwenye mlango ule. Niliapa kumlisha, sikuapa kuvuka kizingiti chake. Hakuniambia ana kiu. Alisema tu ingia. Nikaondoka nikiona nimeshinda jaribu."

Watu walidhani yamekwisha. Mchungaji naye alidhani yamekwisha. Alikwisha kuinamisha kichwa. Ni Nanzia aliyesema, bila kuulizwa:

"Mimi pia niulize."

"Mama, wewe siku ile ulihusika nini?"

"Niulize."

"Haya. Na siku ile?"

"Siku ile nilitoka mferejini, ndoo ya maji kichwani. Nilipita njia ya chini, mimi sina muda wa kuzunguka. Nilipofika mlangoni pake nikasikia, 'Maji.' Sauti ndogo, kama ya mtoto. Nikasimama. Kikapu kilikuwa pale, kile nilichokifunga mwenyewe asubuhi. Nilikuwa na maji, Mchungaji. Nilikuwa nayo kichwani, yananidondokea shingoni. Nikasimama hadi shingo ikaniuma. Kisha nikaenda zangu."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu siku ile hakuna aliyeniamuru."

Eliamini alimtazama mkewe kama anayemwona kwa mara ya kwanza, na sijui alichokiona. Nanzia aliendelea, taratibu:

"Miaka yote nilitoa, na hakikuwa changu cha kutoa, kilichukuliwa. Kikaja kitu kimoja ambacho ningetoa mimi, kwa mkono wangu, kwa kupenda kwangu, maji tu. Nikajua, hiki ni changu. Nikakinyima. Nimekuja kuudai msalaba nikijua hilo. Msiniambie sistahili, nalijua kabla yenu. Ninachosema ni kwamba na hawa hawastahili, na bibi hawezi kujibebea."

Mkubwa wa wachimba kaburi akapaza sauti kutoka nyuma: "Mchungaji, tunaomba radhi. Kaburi linaanza kutoa maji chini. Mvua ikishuka hatutaweza kulishusha jeneza leo. Kule uzioni udongo ni mkavu, tukiambiwa tutachimba haraka."

Uzioni. Neno hilo likapita katikati ya watu kama nyoka apitavyo katikati ya kuku.

Mama mmoja wa kwaya akasema, "Mchungaji, ubebe wewe basi, yaishe."

"Mimi nilifika Jumapili," Mchungaji akajibu, "na nilikuwa nauliza njia. Nyote mnapenda kuniachia. Nani katika kwaya anataka kuubeba? Nani katika baraza?" Wakatazama viatu vyao. Vilikuwa viatu safi, vya msibani.

Mchungaji akauchukua tena msalaba, akaushika kwa mikono miwili, hakuuelekeza kwa mtu. "Anayestahili aje auchukue," akasema. "Siwezi kuchagua."

Hakuja mtu.

Niwaeli alikuwa amekaa chini kabisa, kwenye matope, na mikono yake ameifungua magotini anaitazama, ile mikono iliyoosha. Yonazi alikuwa amesogea hatua moja kutoka kwenye migomba akasimama, mguu mmoja ndani ya ua, mmoja nje. Eliamini alikuwa amevua koti lake jeusi na hajui aliweke wapi. Nanzia bado alikuwa na kisu.

Najua mnachotaka kusema, nimewasikia mkinong'ona. Mmoja atasema Niwaeli, maana mapenzi ni maneno na kidonda kinataka maji ya moto. Mwenzake atamwambia, na wewe ukioshwa na mtu anayeziba pua kwa nyimbo utajisikia mtu? Mwingine atasema Yonazi, maana ndiye pekee aliyekuwa na bibi, wengine walikuwa na nadhiri. Ataambiwa, rafiki anayekuja akijisikia ni rafiki wa nani siku ya kiu? Wa tatu atasema Eliamini, maana kusamehe kiasi kile ni kazi ya kuvunja mifupa. Nami nitamwuliza, huo msamaha aliutoa mfukoni mwa nani, na mbona uliishia mlangoni? Wa nne atasema Nanzia, na sauti yake itatetemeka, kwa sababu amemfikiria Eliakunda. Lakini maji yalikuwa kichwani pake.

Na yule mjanja wa kukaa nyuma atasema hakuna. Wote wana kosa, basi hakuna. Ni jibu rahisi, tena lina sura ya haki. Ila sema ukijua unachosema: ukisema hakuna, umemwambia yule mkubwa wa wachimba kaburi achukue sepetu aende uzioni. Umesema mwanamke aliyeoshwa, akachekeshwa, akalishwa na kulipiwa uhai wa mtoto wa watu, hakuwa na mtu.

Tone la kwanza limeanguka juu ya kifuniko cha jeneza. La pili limeanguka juu ya jina lake kwenye ule msalaba. Wabebaji wameinama, wameshika, wanamngoja mmoja tu asimame mbele yao.

Haya, ninyi mliokaa mkisikiliza na midomo yenu haina kiu: kati ya hao wanne, ni nani apewe msalaba wa Bibi Nakiete?